Koki Niliyoikaza Mama Mkwe Akiwa Kanisani

Nitawasimulia, lakini mniahidi kwamba tukikutana Kashai hamtaniuliza hali ya tumbo langu, maana wapo watu wa usharika wetu ambao mpaka leo wakinipa mkono macho yao yanashuka tumboni kwanza, halafu ndiyo yanapanda usoni, na mimi najua kabisa wanachokikumbuka: wanamkumbuka mwalimu mzima wa fizikia amesimama nje ya kanisa Jumapili, amevaa bukta na kanga ya mkewe, kakumbatia jogoo, anatamka neno choo mbele ya mama mkwe wake. Aibu hiyo ni yangu, sikuiazima kwa mtu.

Mama yake Asimwe, yaani mama wa mke wangu, anakaa Ngenge, huko Muleba, ni mjane na ni mama wa shamba hasa, mtu wa kuamka na jembe na kurudi na jembe. Mwaka huo aliteleza akaanguka akavunjika nyonga. Akaletwa Bukoba, akafanyiwa upasuaji, Mungu akasaidia ukaenda vizuri, na daktari akasema asirudi kijijini mpaka amalize kliniki na mazoezi, anywe maji mengi, ale vizuri, na asichuchumae kabisa, kabisa. Sasa choo cha Ngenge ni cha shimo, na choo cha shimo bila kuchuchumaa hakina maana. Kwetu Kashai, hapo hapo Bukoba, tulikuwa tumepanga apatimenti ndogo nyuma ya duka, na kitu kikubwa tulichokuwa tunajivunia humo ndani (kuliko hata televisheni) ni choo cha kukaa. Asimwe akasema Mama atakaa kwetu mpaka apone, hakuna mjadala.

Mjadala ulikuja wenyewe, na ulianzia chooni. Kile choo kilikuwa na sura zote za choo lakini nguvu hakina. Ukikiflashi, maji yanateremka polepole kama mtu anayemmiminia chai mgeni asiyempenda, yanazunguka, yanatafakari, halafu yanaondoka yenyewe na kile kilichotakiwa kuondoka kinabaki kinakutazama (samahani kwa mnaokula). Mimi na Asimwe tulishazoea, tulikuwa na ndoo pembeni, unaflashi, halafu unamwaga ndoo, maisha yanaendelea. Lakini mama mwenye magongo mawili ndoo ya maji ataiinuaje? Inabidi amwite bintiye. Na bintiye ni muuguzi, anatoka asubuhi anarudi jioni, na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mchana kutwa nyumbani tunabaki watu wawili: Mama, na mimi mkwe wake.

Kwa wale ambao hamjui mambo yetu, mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Mama huyu alikuwa akinisalimia huku anatazama ukuta, kwa heshima, na mimi namwitikia huku natazama mlango, kwa heshima, na mara nyingi kuta na milango ndiyo iliyokuwa inafahamiana zaidi kuliko sisi. Wapo kina mama ambao wakienda kwa binti yao aliyeolewa hata kulala hawalali, wanasema wana mbuzi wa kufungua. Sasa mchukue mama wa namna hiyo, mweke kwenye nyumba ambayo akitoka chooni, atakayeingia baada yake ni mkwewe, na choo chenyewe hakijapeleka kitu mahali popote. Kwake afadhali kifo.

Basi akaanza kujinyima. Aliacha supu, akasema ina mafuta. Akaacha uji, akasema umemchosha. Matoke anakula vipande vya kuhesabu, anasema ameshiba. Chai tu ndiyo ilikuwa inakwenda, kikombe kinarudi kitupu kila mara, mimi jikoni nafurahi, nasema angalau chai anakunywa. Mpaka siku Asimwe alipokwenda kumwagilia ua lililokuwa kwenye kopo dirishani kwa Mama, akakuta udongo umejaa majani ya chai. Na ua lenyewe limestawi, jamani, lina majani mapana ambayo hatujawahi kuyaona.

Jioni hiyo akanivuta jikoni, akafunga mlango.

"Mama amefunga mkoba," akasema. "Jumatatu anarudi Ngenge."

"Na kliniki?"

"Anasema nyonga ni yake na migomba ni yake." Machozi yakamlenga. "Dawa anameza kwa mate, Mujuni. Midomo imempasuka. Anaogopa choo chako."

Hapo nikajua hali ni mbaya, kwa sababu choo kikiwa kizima ni chetu, kikiharibika ni changu. Lakini utani kando, niliogopa. Akirudi Ngenge atachuchumaa, atake asitake, na ile nyonga ikiachia tena sidhani kama tutampata mtu wa kuisimamisha mara ya pili. Na itakuwa imeachia kwa sababu ya choo cha mkwewe. Hilo neno ningelibeba mpaka kaburini.

Mtauliza kwa nini sikuita fundi. Swali zuri, Asimwe naye ameniuliza mara nyingi, na kwa sauti. Kwanza, mwenye nyumba wetu, Ma Kemilembe, alikuwa ameahidi kuleta fundi kesho, na kesho yake ilikuwa na watoto na wajukuu. Pili, fundi bomba akija anakuja na mdomo. Atagonga, atapiga kelele, atatoka nje na kuuliza mbele ya kila mtu, "Nani anatumia sana choo hiki?", na Mama amekaa sebuleni pale pale, anasikia yote, anajua kabisa yameletwa na yeye. Angeondoka siku hiyo hiyo bila kungoja Jumatatu. Na tatu (hii nawaambia ninyi tu) mimi ni Mhaya na nimesoma, na wenzetu wa mikoa mingine hawatuiti nshomile, wasomi wa kujisifu, bure. Mwalimu wa fizikia amlipe mtu aje amweleze jinsi maji yanavyoshuka?

Nafasi ikapatikana Jumapili. Mama alikuwa ameweka nadhiri kwamba akitoka salama chini ya kisu atamtolea Mungu shukrani, na jirani yake alikuwa amemletea jogoo kutoka Ngenge ndani ya kapu, jogoo mwekundu, mwenye kiburi, aliyekuwa ametuwikia wiki nzima. Alitaka shukrani hiyo aitoe kabla hajaondoka. Kwa hiyo Asimwe atampeleka kanisani kwa bajaji, nyumba itabaki tupu, ibada yetu si fupi, na baada ya ibada kuna mnada wa sadaka, saa za kutosha kabisa. Kilichobaki ilikuwa sababu ya mimi kutokwenda.

Nikasema naumwa tumbo.

Uongo mdogo, wa kawaida, hata watoto wa darasa la kwanza wanautumia. Mama akautazama ukuta kwa huruma nyingi. "Pole, mkwe," akasema. "Tutakuombea." Na mimi, badala ya kuelewa kwamba mama huyu ni mtu wa kutimiza ahadi zake, nikashika tumbo vizuri, nikaitikia amina.

Bajaji ilipokata kona nilikuwa nimeshavua suruali. Nikavaa bukta, nikafunua kifuniko cha tangi la choo, na pale pale nikaona ugonjwa wa kwanza: ndani ya tangi kumezamishwa chupa ya plastiki imejazwa mchanga, ili maji yaingie kidogo. Ma Kemilembe na bili zake za maji. Nikaitoa. Boya nalo lilikuwa limekunjwa chini, maji yanakatika tangi likiwa nusu, nikalikunja juu taratibu kwa mkono. Halafu vile vitundu vilivyo chini ya ukingo wa sinki la choo, ambamo maji yanatokea, vilikuwa vimeziba kwa ugando mweupe. Nikamwaga siki ya moto, nikangoja, nikachukua henga ya waya nikainyoosha, nikapiga magoti pale kama mtu anayesali, nikachokonoa kitundu kimoja kimoja mpaka mgongo ukakataa.

Nikaacha tangi lijae. Nikaflashi.

Ndugu zangu, kilinguruma. Maji yalishuka kwa pamoja kutoka pande zote, yakageuka mara moja tu, yakaondoka na kila kitu, na sinki likabaki jeupe kama sahani ya mchungaji. Nikatupia karatasi, ikaenda. Nikatupia nyingi zaidi, zikaenda. Nikaflashi tena bila kutupia chochote, kwa raha tu, nimesimama na bukta yangu natabasamu peke yangu chooni, nikamwona Mama anakunywa kikombe kizima cha chai, nikamwona anafungua mkoba wake.

Kazi ilikuwa imekwisha. Hebu sikieni hapo vizuri, ilikuwa imekwisha, kila kitu kinafanya kazi, ningeoga, ningevaa, ningewahi hata baraka ya mwisho na kutangaza kwamba tumbo limepona kwa maombi ya wapendwa. Badala yake nikaliona tone.

Tone moja, chini ya tangi, kwenye ile koki ndogo iliyotoka ukutani. Linaning'inia, linadondoka, linakuja lingine. Halikuwa linamsumbua mtu, huenda lilikuwa linadondoka tangu tulipohamia. Lakini mtu akishatengeneza kitu kimoja kikakubali, anaanza kujiona ni fundi wa ukoo. Nikasema, nitaikaza kidogo tu. Nikachukua spana.

Nilizungusha kidogo. Nikasikia kitu kinasema ka. Koki yote, na kipande cha bomba kilichooza, vikabaki mkononi mwangu vimeshikwa na spana, na ukutani kukatoka maji.

Kwa miaka nimewafundisha watoto wa watu presha ya maji. Nachora tangi juu ya kilima, nachora bomba, nachora mshale unaotoka kwenye bomba. Siku hiyo ule mshale ulinipiga kifuani ukanikalisha chini. Nikaziba kwa kiganja, maji yakatokea kwenye vidole yakapiga dari. Nikaziba kwa taulo, likarushwa. Wenzetu wa kwingine wangetafuta gunzi la hindi, lakini mimi niko Bukoba, nyumbani nina mkungu, nikakimbilia jikoni nikakata ndizi mbichi, nikaichonga kama kizibo, nikaigongomea ndani ya bomba kwa nyuma ya kisu. Ikashika. Nikasimama nakohoa, namshukuru Mungu kwa zao la ndizi.

Ilishika muda wa mtu kusema asante. Halafu ikaruka kama risasi, ikapasua kioo cha bafuni, na maji yakarudi na hasira mpya.

Na hapo ndipo nilipoyaona maji yanakokwenda. Yalikuwa yametoka chooni, yamefuata korido, yanaelekea kwenye ule mlango wa ndani unaotutenganisha na duka, na duka liko chini yetu kwa ngazi mbili. Duka ni la Ma Kemilembe. Anakodisha magauni ya harusi. Nikakumbuka yalivyoning'inizwa humo ndani, meupe, marefu, mikia imelala sakafuni ili wateja waone urefu. Nikakumbuka pia kwamba koki kuu ya nyumba nzima iko stoo, nyuma ya duka hilo hilo, na ufunguo anatembea nao mwenyewe kwenye pochi. Na Ma Kemilembe ni mzee wa kanisa. Jumapili hii yuko wapi? Sina haja ya kuwaambia.

Simu nilimpigia, imezimwa, watu wa Mungu huzima simu ibadani. Ya Asimwe nayo hivyo hivyo. Suruali yangu nilikuwa nimeitundika mlangoni mwa choo, imelowa kama imetoka mtoni. Nikavuta kanga ya Asimwe kwenye kamba, nikajifunga juu ya bukta, nikatoka mbio na ndala moja. Kijana wa bodaboda wa pale kona, ambaye ananifahamu kwa miwani na kalamu mfukoni, alinitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Mwalimu," akasema, "umehamia kwa wale wanaozamisha?"

"Twende kanisani."

"Kwenye ubatizo mwingine?"

"Twende, nakuomba."

Tukaenda. Kwenye kila tuta kanga inafunguka naikamata, kwenye kila kona mzazi wa mwanafunzi wangu ananipungia mkono, na mimi siwezi kupunga kwa sababu mkono uko kwenye kanga, wakadhani naringa.

Nikafika mnada umeanza. Mnaujua mnada wa sadaka: asiyekuwa na fedha analeta mkungu, mayai, miwa, kuku, na baada ya ibada watu wanasimama nje kwenye nyasi, vile vitu vinauzwa, fedha inaingia kanisani. Anayenyoosha mkono amepandisha bei. Na mnadishaji wa usharika wetu ni nani? Ni Ma Kemilembe mwenyewe, mwenye macho ya kuona mkono wa mtu hata akiwa nyuma ya mti anajikuna. Wakati huo alikuwa ameinua juu jogoo mwekundu ninayemfahamu vizuri, na Mama amekaa mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki, magongo magotini, nguo yake nzuri, Asimwe kasimama pembeni yake.

Mimi niko nyuma ya watu wote. Nikanyoosha mkono, nikaita, "Ma Kemilembe."

"Mwalimu huyo," akasema. Bei ikapanda.

"Hapana, Ma, sikiliza," nikapunga tena.

"Anaongeza mwenyewe juu ya bei yake." Watu wakacheka, wakageuka, na mwenyekiti wa kwaya naye, asiyependa kushindwa, akanyoosha wake. Nikapunga kwa nguvu zaidi, kama mtu anayezuia basi. Ikapanda. Nikaruka juu ili anione uso, ikapanda mara mbili. Mwenyekiti wa kwaya akaweka mkono mfukoni akanywea. "Mkwe ananunua jogoo wa mama mkwe wake," Ma Kemilembe akawatangazia, sauti inamtetemeka kwa furaha. "Ametoka kitandani, mgonjwa, kaja kumheshimu mkwewe. Mmeona mapenzi hayo? Mara ya kwanza, mara ya pili, ameuzwa." (Bei siitaji. Asimwe anasoma sana siku hizi.)

Vigelegele vikapigwa. Watu wakanifungulia njia, wakanisukuma mbele, na kabla sijapata pumzi jogoo yuko mkononi mwangu. Mkono mmoja kuku, mkono mmoja kanga, maji yananichuruzika. Vigelegele vikaanza kupungua kimoja kimoja, kadiri watu walivyonitazama vizuri.

"Ma Kemilembe," nikasema, na nikajua kwamba neno linalofuata nikilisema halirudi, "choo."

Ndiyo kwanza nikajua (kwa sababu mama mmoja karibu yangu alimnong'oneza mwenzake na nikasikia) kwamba Mama alipotoa shukrani alisimama kwa magongo yake mbele ya kanisa zima, akaomba wamwombee mkwe wake ambaye tumbo limemshika vibaya, na wakaomba, kanisa zima, wameinamisha vichwa. Na sasa huyu hapa mkwe mwenyewe, bila suruali, amelowa, anasema choo.

"Pole sana, Mwalimu," akasema mama yule kwa upole wa kweli, huku akirudi nyuma kidogo. "Ni hilo hilo tumbo?"

Nikamtazama Mama. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe bintiye alikuwa ananitazama usoni, si ukutani, na macho yake yamejaa hofu kwa ajili yangu, hofu ya mama kabisa. Uongo ukatoka wote kwa pamoja na ukweli nyuma yake. Nikasema siumwi tumbo, sijaumwa, nimedanganya, nilikuwa natengeneza choo, hakina nguvu, Mama hali wala hanywi kwa sababu ya choo, Jumatatu anarudi Ngenge akavunjike tena, na mimi sitaki aende, nataka akae kwetu mpaka atembee, nimekitengeneza kikakubali, halafu nikakaza koki ambayo haikuniomba kitu, na maji yameingia dukani.

Mama akavuta kitenge chake akajifunika uso wote. Nikaona mabega yanatikisika. Nikasema moyoni, basi, nimemliza mkwe wangu mbele ya kanisa, nimemvua nguo hadharani, hata Jumatatu haitafika. Asimwe akainama, akamfunua kidogo. Alikuwa anacheka. Anacheka bila sauti, machozi yanatiririka, kashika nyonga kwa mkono kwa sababu kicheko kinamuuma, na alipopata pumzi akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Waitu, jamani, mtu amekunywa maji ya bomba lote kwa ajili yangu."

Hapo kanisa zima likaachia. Watu walicheka wakashikana. Aliyekuwa hacheki ni mmoja tu, ambaye alikuwa amesimama kinywa wazi, anahesabu kichwani.

"Dukani," akasema Ma Kemilembe. "Dukani kwangu?"

Sijawahi kuona mzee wa kanisa anakimbia vile, na viatu vya visigino mkononi. Nyuma yake mimi na jogoo, nyuma yetu kwaya, nyuma ya kwaya kina mama wa usharika, na wale wa bodaboda wanapiga honi wakidhani ni harusi. Alifungua duka, akafunga koki kuu, akasimama kwenye maji ya vifundo vya miguu akiwa amekumbatia magauni yake kama watoto. Niliomba msamaha mpaka maneno yakaniishia. Akanigeukia.

"Ile chupa ya mchanga umeitoa?" akauliza.

"Nimeitoa, Ma."

Akatazama pembeni. "Hata mimi fundi nilipaswa kumleta mapema," akasema, na hatukuendelea na mazungumzo hayo.

Kina mama walishika matambara na ndoo, kwaya wakapiga maji nje huku wanaimba, na mikia ya magauni ikaoshwa na kutundikwa kwenye kamba na uzio mzima wa nyumba, meupe matupu, mpaka wapita njia wakawa wanasimama kuuliza ni nani anayeoa wake wengi namna ile. Hakuna lililoharibika. Moja tu lilibaki na alama ya njano pindoni, nami nikakubali kumpigia Ma Kemilembe hesabu za duka lake likizo yote, adhabu ambayo naona ilikuwa na huruma ndani yake. Fundi naye akapatikana alasiri ile ile, maajabu, ile kesho ikageuka leo. Akafunga koki mpya.

Mama alikuwa amekalishwa sebuleni, miguu juu ya stuli. Akaniita. Nikaja nikasimama mlangoni, natazama mlango.

"Mkwe," akasema, anatazama ukuta, "ile chai nilikuwa namwaga."

"Tunajua, Mama."

"Kwenye ua."

"Tunajua, Mama. Limenenepa."

"Limenenepa kuliko mimi," akasema, na mabega yakaanza kutikisika tena. Halafu akatulia. "Nilidhani nawasumbua. Nikasema nitoke kabla hamjanichoka. Kumbe mtu anaweza kulowa hivyo kwa ajili ya mzee." Akanyoosha mkono, akamwonyesha Asimwe ule mkoba pembeni ya mlango. "Huo uondoeni njiani, utamwangusha mtu."

Tangu siku hiyo nimejiwekea sheria, na wanafunzi wangu nawaandikisha: kabla hujagusa koki ndogo, jua koki kubwa iko wapi na ufunguo anao nani; tone lisilokusumbua liache lidondoke; usimdanganye mtu anayesali kwa kutaja majina; na ukifika kwenye mnada, hata kama nyumba inazama, weka mikono yako chini.

Jioni ile jua lilikuwa linashuka, magauni bado yananing'inia, Asimwe akapeleka chai na matoke sebuleni. Mimi nilisikia magongo yanaelekea chooni, na kwa heshima nikatoka nje kabisa, nikakaa uani na jogoo wangu wa bei mbaya, tunatazama upande mwingine sote wawili. Mlango ukafungwa. Ukapita muda. Halafu kikanguruma, mara moja tu, kwa nguvu, mpaka jogoo akageuza kichwa. Magongo yakarudi taratibu, kiti kikalia, na nikamsikia Mama kupitia dirishani, pale lilipo lile ua, anamwambia bintiye kwa sauti ya mtu aliye kwake:

"Asimwe, niongezee chai. Jaza."